Sheikh Abdalla Bakathir na Chuo cha Ukutani

 Kijitabu hiki chaeleza maisha ya Sheikh Abdalla bin Muhammad Bakathir Al-Kindi, aliyezaliwa Lamu kiasi cha mwaka 1860 na kufariki Unguja mwaka 1925, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake walijua wote waliokaa misikitini wakasikia wazee wakihesabu walimu wao, huyu alisoma kwa fulani, na fulani alisoma kwa fulani, mpaka mlolongo ukafika kwake. Lakini wengi wanaolitaja hawajui zaidi ya kuwa alikuwa na chuo mtaa wa Ukutani. Na chuo hicho ndicho kinachostahiki kuelezwa kwa urefu, kwani kazi kilichoifanya ni kazi ya chuo kikuu, nacho hakikuwa na hati ya serikali, wala fungu katika hazina ya nchi, wala mwalimu mkuu aliyeandikiwa mshahara.

Asili ya Mabakathir ni Hadhramaut, nao wanajinasibisha na Kinda. Si masharifu, ni mashekhe, yaani watu wa ilimu waliokaa karibu na masharifu wa Kialawi, wakisoma kwao na kuwasomesha wana wao. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa lilimfuata Sheikh Abdalla umri wake wote. Alizaliwa Lamu wakati mji ule ulipokuwa chini ya Sayyid wa Unguja, mji wa majahazi na nyumba za mawe, wenye misikiti mingi kuliko mitaa yake. Mwalimu wake mkubwa huko alikuwa Sayyid Abubakar bin Abdurrahman Al-Husaini, anayejulikana zaidi kwa jina la Sayyid Mansab. Huyu alikuwa mwanachuoni na mtunzi, naye alizitia ilimu za dini katika mashairi ya Kiswahili ili wafahamu wasiojua Kiarabu. Kwake kijana aliona tangu mapema kuwa ilimu haikukusudiwa kuwekwa kabatini pamoja na vyombo vya kaure.

Kisha akaenda Makka. Si ajabu mtu kwenda Makka. Watu wa pwani wamehiji tangu zamani. Ila wengi walikwenda wakahiji wakarudi, naye alikaa akasoma. Alisoma kwa Sheikh Muhammad Said Babsayl, aliyekuwa mufti wa Mashafi huko, na kwa Sayyid Abubakar Shatta, mwenye kitabu cha Ianatut Talibina, ambacho ni maelezo juu ya Fat-hul Muin. Apimwe basi kijana wa Lamu aliyekwisha kuisoma Fat-hul Muin kwao, akikalifishwa na maneno yake magumu, kisha akajikuta mbele ya mtu anayeyafungua fundo kwa fundo. Masharti ya ilimu za zamani yalikuwa ni hayo: kitabu hakipokewi kutoka kwenye karatasi peke yake, bali hupokewa kwa mtu, naye amekipokea kwa mtu, na mwisho wake hupewa ijaza. Ijaza ile ndiyo shahada. Haikupigwa muhuri na nyumba yoyote; ilikuwa ni neno la mwalimu juu ya mwanafunzi wake, na thamani yake ni thamani ya mwalimu.

Mwishoni mwa karne ya 19 alihamia Unguja, akaifanya maskani yake. Unguja ilikuwa dola yenye Sultani wake na bendera yake, ijapokuwa tangu mwaka 1890 ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza. Wafalme wake walikuwa Maibadhi na wengi wa raia zake Mashafi, na mahakama zilikuwa na makadhi wa madhehebu zote mbili wakikaa pamoja. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta mtambo wa kupiga chapa, na vitabu vilivyotoka humo vilikuwa zaidi vya madhehebu yake. Hilo halikuwa dhulma, kwa sababu kila mtu hutengeneza kwanza nyumba yake. Lakini maana yake ni kuwa Mashafi, pamoja na wingi wao, iliwalazimu wasimamishe ilimu yao kwa mikono yao wenyewe.

Katika mji huo alikuwapo Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt, aliyezaliwa Itsandraa katika kisiwa cha Ngazija mwaka 1861. Alipata ukadhi wa Unguja akiwa kijana, zamani za Sayyid Barghash. Kisha akatoka akaenda Istanbul kwa Fadhl Pasha Al-Alawi, akapita na miji mingine ya Kiislamu akisoma, na baada ya kufa Sayyid Barghash akarejea Unguja akawa kadhi tena. Ni yeye aliyetunga kitabu cha Ibtihaj, kinachoeleza istilahi za Minhaj ya Imam Nawawi. Hapana mwanachuoni wa Kishafi aliyekuwa na haiba yake katika pwani yote zama zile.

Sasa lililo la ajabu ni hili. Sheikh Abdalla na Sayyid Ahmad walikuwa rika moja. Sheikh Abdalla alikuwa amekwisha kusoma Lamu na Makka, na angaliweza kufungua darsa yake siku ya pili ya kushuka bandarini, na watu wangalimjia. Yeye alichagua kwenda kukaa mbele ya Sayyid Ahmad kama mwanafunzi, na tangu hapo mpaka mauti hakujiweka kwake ila katika cheo hicho. Watu wa leo huenda wakaona jambo hili ni adabu tu, au ni desturi ya mashekhe mbele ya masharifu. Bila shaka adabu ilikuwamo. Lakini ilikuwamo na hesabu ya mtu mwenye akili: mgeni aliyetoka Lamu hawezi kuuleta mji mzima katika darsa yake ila kwa kuungana na shina lililokwisha kuota. Sayyid Ahmad alikuwa na kiti cha hukumu, na fatwa, na barua za wafalme. Hakuwa na nafasi ya kukaa na mwanafunzi mchanga kutoka alfajiri mpaka usiku. Sheikh Abdalla alikuwa nayo. Basi wakagawana kazi bila ya kuandikiana mkataba.

Mwezi wa Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwain, Khalid bin Barghash akaingia jumbeni, na manowari za Kiingereza zikaupiga mzinga mji kwa muda usiotimia saa moja. Akawekwa Sayyid Hamud bin Muhammad. Mwaka uliofuata utumwa ukaondolewa kisheria, na kila mwenye shamba la karafuu hakujua kesho yake itakuwaje. Katika mwaka huo wa 1897, watu wakiwa katika mashaka ya mali na ufalme, Sheikh Abdalla alifunga safari kwenda Hadhramaut kuwazuru maulamaa wa Kialawi. Safari ile aliiandika mwenyewe kwa Kiarabu katika kitabu alichokiita Rihlatul Ashwaqil Qawiyya, kilichopigwa chapa baada ya kufa kwake.

Wasafiri wa siku zile walishuka bandari ya Mukalla au Shihr, kisha wakapanda ngamia siku nyingi katika majabali makavu mpaka wakateremkia bondeni penye mitende. Huko, katika mji wa Seiyun, alikutana na Habib Ali bin Muhammad Al-Habshi, mwenye maulidi mashuhuri yanayosomwa pwani mpaka leo. Habib Ali alikuwa amejenga ribati yake kiasi cha miaka ishirini kabla. Na Tarim nako palikuwa pamejengwa ribati nyingine, iliyofunguliwa mwaka 1304 Hijria, kwa wakfu wa matajiri wa Kihadhrami walioko Singapore na Jawa. Ribati si msikiti tu, wala si chuo tu. Ni mahali anapofika mwanafunzi mgeni akapewa pa kulala na chakula, akasoma kwa mpango wa vitabu vinavyofuatana, pasi na kuulizwa baba yake nani. Jambo hili lilikuwa jipya hata kwa Hadhramaut yenyewe, ambako zamani ilimu ilizunguka ndani ya nyumba za wenyewe. Na zaidi, ribati hazikumtazama mfalme wala kungoja idhini yake. Mali yake ilitoka kwa wafanyaji biashara waliokuwa ng'ambo ya bahari, na heshima yake ilitoka kwa walimu wake.

Alirudi Unguja, na chuo chake cha Ukutani kikachukua tabia hiyo. Ukutani ni mtaa ndani ya mji wa mawe, wenye njia nyembamba ambazo wachukuzi wawili wenye mizigo hawawezi kupishana. Wanafunzi walimjia kutoka Ngazija, na Lamu, na Mombasa, na Banadir, na miji ya mrima, na wengine kutoka bara. Mwenye kuijua pwani ya zama zile atafahamu uzito wa maneno haya. Desturi ilikuwa darsa kubwa kubwa ni za wana wa nyumba kubwa, na mtoto wa kabila lisilotajwa akikhitimu Kurani husema kwao kuwa amemaliza. Chuo cha Ukutani kilimkubali Mngazija, na Mhadhrami, na Mswahili, wakakaa mkeka mmoja. Lamu nako, mwanzo wa karne ya 20, Habib Saleh bin Alawi Jamalil-Layl, naye ni mzaliwa wa Ngazija, alikuwa akifanya kazi kama hiyo katika msikiti wake wa Riyadha, na wako walioudhika kwa kuwa aliwasomesha watu wasiokuwa na nasaba. Vyuo viwili hivi ni ndugu, ingawa Riyadha imepata sifa zaidi kwa ajili ya maulidi yake.

Ilimu yenyewe ilikuwa na ngazi iliyojulikana katika vyuo vyote vya Kishafi. Mwanafunzi huanza Safina, akapanda kwa Abu Shujaa, kisha Fat-hul Muin, kisha Minhaj. Na kando yake hushika nahau, tangu Ajrumiya mpaka Alfiya ya Ibn Malik. Halafu tafsiri ya Jalalayni, na hadithi, na vitabu vya Imam Ghazali kwa ajili ya kutengeneza nafsi. Mwalimu husoma akaeleza, mwanafunzi hukariri, na lililo gumu huandikwa mapambizoni. Darasa halikuwa na kengele wala kitabu cha mahudhurio. Anayefahamu hupanda, asiyefahamu hurudi ukurasa wa kwanza, hata kama ndevu zimemtoka. Wala darsa hizo hazikuwa na ada, kwa kuwa wanavyuoni wa pwani waliona haya kuiuza fiqhi kama mtu auzavyo bizari.

Hapana budi kuitazama pembeni hali ya serikali katika miaka hiyo. Mwaka 1905 iliundwa Kamisheni ya Wakfu, na mapato ya misikiti na nyumba zilizowekwa wakfu yakaanza kupita katika afisi ya serikali. Mwaka 1907 ikasimama idara ya ilimu chini ya Mwingereza Rivers-Smith, na skuli ya serikali ikasomesha Kiswahili kwa herufi za Kizungu, pamoja na hisabu, ili wapatikane makarani. Wazee wengi waliwazuia watoto wao, kwa kuona kuwa mtoto atatoka huko ajua kuandika barua ya bwana afisa wala hajui masharti ya udhu. Ilibidi baadaye serikali iingize walimu wa Kurani katika skuli zake ndipo zipate watoto. Makadhi nao walikuwa watu wa mishahara, wakijibu barua za Balozi na kuulizwa hukumu ilivyopitishwa. Sayyid Ahmad aliuchukua mzigo huo miaka mingi, na si haki kumlaumu, kwani lau wangaliondoka wote kitini wangalikaa wasiojua.

Sheikh Abdalla hakukaa katika kiti hicho. Hakuwa kadhi, wala hakuandikwa katika daftari la serikali. Kwa hivyo chuo chake hakikuwa na la kuogopa wala la kutaraji kutoka kwa mtu: hapana mkaguzi aliyeingia kuuliza kwa nini Alfiya inasomeshwa na jiografia haisomeshwi. Huo ulikuwa uhuru, nao ulikuwa na gharama yake. Chuo ambacho hakikaguliwi hakiulizwi pia lile ambalo labda lingefaa kuulizwa. Hisabu za dunia, na lugha ya watawala, na ilimu za afya, vyote vilibaki nje ya mlango wa Ukutani. Na mmoja wa wanafunzi wake mwenyewe, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ndiye aliyekuja kuwahimiza Waislamu wa pwani wasiziache ilimu hizo kwa wengine. Sheikh Al-Amin alitoa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, akafariki 1947. Kutoka kwa darsa moja kumetoka kalamu inayoilinda mila na kalamu inayoikemea, na hiyo ni dalili kuwa watu walifundishwa kufikiri, si kukariri peke yake.

Sifa zake zilivuka mipaka ya pwani. Katika Cape Town, Afrika ya Kusini, wako Waislamu Mashafi ambao wazee wao wengi waliletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Jawa na kwingineko. Hao waligombana miaka na miaka juu ya sala ya Ijumaa. Katika madhehebu ya Shafi asili ni kuwa mji mmoja husali Ijumaa moja, nayo haisihi ila kwa watu arubaini; misikiti ilipokuwa mingi, kila imamu akataka ya kwake, mpaka ugomvi ukafika mahakama za Wazungu. Aibu ilioje, hakimu asiyeswali kuamua ipi ni Ijumaa iliyo sahihi! Katika miaka ya 1913 na 1914 Sheikh Abdalla alisafiri mpaka huko ili kuwapatanisha. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa na Sheikh Muhammad Salih Hendricks, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, ambaye alisoma Makka kwa wale wale akina Babsayl, na katika kurejea kwao, mwanzo wa karne ya 20, alikaa kwanza Unguja akafanya kazi ya ukadhi. Hivyo mtu wa Lamu na mtu wa Swellendam walifahamiana kwa sababu walisoma kwa mwalimu mmoja, bila ya ufalme wala kampuni kuwaunganisha. Na Unguja, kisiwa ambacho mtu hukivuka kwa miguu kwa siku moja, kikawa mahali panapotafutwa mwamuzi.

Sheikh Abdalla Bakathir alifariki mwaka 1343 Hijria, yaani 1925. Katika mwaka uo huo alifariki Sayyid Ahmad bin Sumayt, naye akazikwa penye Msikiti wa Ijumaa, Malindi. Mji ulipoteza kwa mwaka mmoja mwalimu na mwanafunzi wake, na wote wawili walikuwa walimu wa walioachwa nyuma. Chuo hakikufungwa. Alikishika mwanawe, Sheikh Abubakar bin Abdalla, akakisimamia mpaka alipofariki mwaka 1943. Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumayt, aliyesoma kwa Sheikh Abdalla kama baba yake alivyotaka, akawa Kadhi Mkuu wa Unguja.

Lakini ulipita udhaifu wa chuo cha namna hii pamoja na nguvu yake. Kwa kuwa ijaza ni ya mtu na si ya nyumba, chuo huishi wanapoishi watu wake, na wakitawanyika hutawanyika nacho. Mwaka 1952 serikali ya Unguja ilifungua Muslim Academy kwa ajili ya ilimu za dini, na baadhi ya vijana ambao zamani wangalikwenda Ukutani wakaenda huko, penye madawati na vyeti. Yakaja mapinduzi ya Januari 1964. Wanavyuoni wengi waliihama Unguja; Sayyid Umar alitoka, na mwisho akafia Ngazija, kisiwa alichozaliwa. Academy nayo haikudumu baada ya mapinduzi. Ikawa mtu anayetaka kusoma Minhaj mpaka mwisho wake amtafute mwalimu Mombasa, au Lamu, au ng'ambo.

Mwaka 1998 ndipo vilipofunguliwa Unguja vyuo viwili vya juu visivyokuwa vya serikali, kimoja Tunguu na kimoja Chukwani, vyote kwa mali ya jumuiya za Kiislamu. Hicho cha Chukwani leo chaitwa kwa jina la Sumait, nalo ni la tabibu mmoja wa Kuwaiti aliyefanya kazi za kheri katika Afrika. Asije mtu akadhani kuwa ni Sayyid Ahmad. Vyuo hivyo vina hati na mitihani, na vinatoa mafunzo ambayo Ukutani haikuyajua.

Katika watoto waliosoma Ukutani zamani za Sheikh Abubakar alikuwamo Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912. Huyu alisomesha katika skuli za serikali, akahamia Kenya mwaka 1967, akawa Kadhi Mkuu huko mwaka uliofuata, na tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ikakamilika kupigwa chapa mwaka 1969. Mwaka 1972 alitoa Mombasa kitabu kidogo cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, akawaandika mmoja mmoja, mwalimu na wanafunzi wake, na Sheikh Abdalla Bakathir yumo humo, pamoja na majina ya aliowasomesha.